Injini Haina Shida, Shida ni Ndani

Ukitaka nozeli za Mercedes 240D hapa Mombasa, utazipata kabla ya adhuhuri. Gasketi, klachi, hata krankshafti, daima kuna mtu anayemjua mtu. Lakini ulizia kile kishikio kidogo cha plastiki kinachozuia kikinga jua kisikuangukie usoni, uone wanavyokutazama. "Mama, hicho nacho cha nini? Funga na waya."

Nimeshafunga na waya. Unashika, na unanikera kila ninapoketi.

Gari langu ni la 1981, la ule ukoo ambao kiwandani waliupa jina W123. Ulianza kuuzwa 1976 ukaisha mwanzoni mwa 1986, na yakatoka karibu magari milioni 2.7. Kwa hesabu hiyo ungedhani dunia imejaa spea zake, na kweli imejaa, ila ni za injini. Tatizo ni namna magari haya yanavyokufa. Likichoka, mkataji hung'oa injini, giaboksi, difu na redieta, bodi akaiuza kwa kilo. Viti huwekwa nje ya gereji makanika wakavikalia wakinywa chai, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuvimaliza. Paneli za milango huchokorwa kwa bisibisi ili kufikia kioo, zikavunjika, zikatupwa. Kwa hiyo kile kitu ambacho mwenye gari alikishika, akakikalia na kukitazama kila siku kwa miaka thelathini ndicho ambacho hakuna aliyeona haja ya kukiweka. Mimi hili halijaniingia akilini mpaka leo. Injini hata siioni ninapoendesha.

Binamu yangu anaishi Sharjah, huko Ghuba, na mtu wa magari akisikia Sharjah macho humtoka. Kuna eneo la viwanda kule lenye maduka ya spea za mitumba mtaa baada ya mtaa. Nilimwomba apite akiwa na nafasi. Jioni simu ikaanza kulia, picha juu ya picha. "Dada, dashibodi nzima hii hapa, muuzaji ameishika, niambie nilipe!"

Nikaikuza picha. Tundu la mita liko upande wa kushoto.

"Mdogo wangu, mimi usukani wangu uko kulia."

Kimya kidogo, kisha sauti ya kucheka. Kule Ghuba huendeshea upande wa kulia wa barabara, sisi kushoto, na dashibodi haigeuzwi kama kanzu. Basi hapo ndipo ramani ya dunia ya mtafuta spea za ndani inapobadilika. Dashibodi yangu itatoka Uingereza, au Afrika Kusini ambako magari haya yaliunganishwa katika mji wao wa East London, au nchi nyingine yoyote inayoendeshea kushoto kama sisi. Kutoka Ghuba nachukua visivyojali usukani uko wapi: kiti cha nyuma, mishikio ya darini, mikono ya kuzungushia vioo, paneli za milango ya nyuma, kisahani cha majivu.

Na hata hivyo kuna la kuzingatia. Gari la Ghuba huwa na bodi safi, chuma hakina kutu hata chini ya kapeti, ila ndani jua limepika kila kitu, na plastiki ukiiminya inakatika. Gari la Uingereza ni kinyume chake, kwani chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi imeila sakafu ikabaki wavu, lakini ndani dashibodi haina ufa na rangi ya viti haijapauka. Kwa hiyo ninapoona tangazo la gari la Kiingereza "lisilofaa kutengenezwa", moyo wangu ndiyo kwanza unachangamka.

Kuna mlango wa tatu, Ujerumani kwenyewe. Mercedes wana kituo cha magari yao ya zamani huko Fellbach, karibu na Stuttgart, tangu 1993, na baadhi ya vitu bado vinapatikana mpya. Hapo lazima ujue kusoma nambari. Tarakimu tatu za mwanzo ni modeli, 123. Mbili zinazofuata ni kundi: 68 ni mapambo ya ndani, 72 milango ya mbele, 91 viti vya mbele. Mwishoni kabisa zinakuja tarakimu nne za rangi, na hizo ndizo zinazoliza watu, maana kitu kinaweza kuwapo cheusi na cha buluu lakini si cha kahawia yako. Rangi yenyewe usiisome kwenye kiti unachokalia, jua limeshaidanganya. Inua kiti cha nyuma utazame sehemu ambayo haijawahi kuona mwanga. Msimbo wa kiti nao una siri yake. Ukianza na 1 ni ile reksini yao ngumu waliyoiita MB-Tex, 2 ni ngozi, 0 kitambaa, 9 mahameli. Yangu inaanza na 1, na nashukuru, kwa sababu reksini ile haijui kufa. Kinachokufa ni kilicho chini yake.

Kwa muda sasa, kila nikishuka, niliona vumbi la kahawia limemwagika kwenye kapeti chini ya kiti cha dereva. Nikifagia, kesho yake lipo. Na kiti kilikuwa kimeinama upande wa mlango, nikifika Mtwapa kiuno hakiniambii kitu. Nikakifungua kiti nikakipeleka Majengo kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ya ujanani ilikuwa kushona magodoro ya usufi, kisha sponji ikaja ikamnyang'anya mkate, akahamia viti vya magari.

Alikigeuza kiti juu chini, akachomoa kipande cha ule mto, akakisugua katikati ya vidole hadi kikawa unga. Akanusa.

"Mwanangu, hii si sponji. Haya ni makumbi."

"Makumbi ya nazi, ami?"

"Kwani kuna mengine? Na nywele za mnyama humo, na mpira umegandisha."

Ndivyo ilivyo. Wajerumani walijaza viti vyao nyuzi za kumbi la nazi zilizochanganywa na nywele za wanyama, zikanyunyiziwa utomvu wa mpira ili zishikane. Ni kitu kizuri kweli: kinapitisha hewa, kinarudi juu ukikikandamiza, na hakizami kama sponji. Ila mpira ukizeeka unakauka, nyuzi zinaachana, na kila ukiketi unasaga unga. Mito mipya ya namna hiyo inauzwa Ulaya. Niliangalia bei ya kuisafirisha nikaifunga kompyuta.

Yule mzee alinitajia bei ambayo ni ndogo kuliko posta peke yake. Sponji alikuwa nayo, akanionyesha, lakini mwenyewe akaanza kuisema vibaya: ikiwekwa juu ya springi bila kitu, springi zinaikata, na joto la Mombasa likiingia humo halitoki. Tukakubaliana afanye kama ilivyokuwa. Nilikaa pale siku nzima kwa sababu kazi ilinipendeza kuitazama.

Kwanza alisugua springi kwa brashi ya waya, iliyokatika akaiunga kwa waya mwingine. Juu ya springi akatandika gunia, akalivuta na kulifunga kwenye fremu pande zote, likawa gumu kama ngoma. Kisha akachambua makumbi kwa mkono, tonge kwa tonge, akitoa maganda na vijiti. Hapo kwa kuwa hayana mpira wa kuyashika, lazima yashonwe, la sivyo yatahama yakalundikana nyuma. Akachukua ile sindano yake ndefu ya magodoro, akapitisha uzi wa katani juu mpaka chini ya gunia na kurudi, mistari imeachana upana wa vidole vinne hivi. Upande wa mlango, pale dereva anapoteremkia, akaongeza unene bila kuulizwa. Sponji nyembamba ikaja juu kabisa, ya kulainisha tu.

Kava ya zamani hakuigusa mpaka alipoianika darini kwa kama saa moja. Reksini baridi ukiivuta inapasuka kwenye mshono, lakini ya moto inanyooka na kukaa. Akaivisha haraka, akaifunga kwa vile vipete vya waya akitumia koleo. Nilipoketi nilijikuta nimeinuka, kioo cha kutazamia nyuma nikakirekebisha upya.

Tangu hapo nimeacha kutafuta kila kitu. Vilivyotoka kwenye kalibu ya plastiki, kama swichi, vitufe, klipu na sahani za mita, navitafuta popote duniani kwa sababu hapa hakuna wa kuvifinyanga. Vilivyoshonwa, vilivyojazwa na vilivyorandwa vinatengenezwa hapa, tena huenda vizuri zaidi. Paneli za milango ziko katikati: ngozi ya juu ni ya kiwandani, mgongo wake ni ubao wa nyuzi zilizoshinikizwa, unaonyonya maji kama mkate. Ndani ya mlango huwa kuna karatasi ya plastiki ya kuzuia unyevu, na mafundi wa vioo huichana na kuitupa wakisema haina kazi. Kazi yake ndiyo hiyo. Nimenunua hadibodi, nitachora kwa kufuata ule mgongo wa zamani, niipake vanishi pande mbili, na plastiki nitairudisha kwa gundi.

Mita nazo zina mambo yake. Kibao chote cha mita katika W123 hakina skrubu hata moja kwa mbele, kimebanwa na mpira tu. Hutolewa kwa kulabu mbili, mimi nimekunja spoki za baiskeli: unaingiza pembeni, unazungusha, unavuta polepole pande zote kwa pamoja. Polepole, kwa sababu nyuma yake kuna kijibomba chembamba kinacholeta oili yenyewe ya injini mpaka kwenye mita. Fundi umeme mmoja alitaka kukivuta kwa pupa nikamshika mkono. Kikikatika unaoga oili ukiwa umevaa nguo za kazini.

Mlangoni pia, vitasa vyangu vya kufunga vyote kwa pamoja haviendeshwi na umeme, ni mvuto wa hewa unaotoka kwenye pampu ya injini. Na mvuto huohuo ndio unaoizima dizeli ukigeuza ufunguo. Kiwambo cha mpira kinachovutwa na hewa hiyo kikitoboka ndani ya mlango wa abiria, mvuto unavuja, na unaweza kutoa ufunguo ukaondoka nao, injini ikabaki inanguruma. Ndiyo maana waliweka kikono cha STOP pale kwenye injini. Jirani yangu aliniona nikifungua boneti ili kuzima gari akadhani limepagawa. Spea ya kiwambo hicho ni ya Ghuba, inaingia vizuri, na binamu ameshaipata.

Limebaki suala la ubao. Kipande cha konsoli ni zebrano, mti wa misitu ya Kameruni na Gaboni, wenye mistari ya kahawia na njano, na vanishi yake imepasuka yote. Seremala wangu hautaki. Anasema atanikatia mninga mzuri kuliko huo, uliokomaa, na kwamba huu wangu si ubao hata kidogo, ni ngozi ya ubao iliyobandikwa. Ni kweli, ni ngozi, na ndiyo sababu simwachii. Ana mashine ya msasa anayoipenda mno, dakika moja ile mistari itakuwa vumbi sakafuni. Tumebishana bei, tumebishana mti, mwishowe amekubali kupiga msasa laini kwa mkono Jumamosi hii, kwa sharti kwamba nisimsimamie. Nimemwambia nitasimama.