Bluu ya kromiamu haikai

Juzi usiku mdogo wangu wa fomu siksi alikuwa anapiga msuli wa kemia, akaniambia kaka mi kromiamu nimeshamaliza, machungwa ikipata elektroni inakuwa kijani, basi. Nikamwambia bado hujaiona bluu.

Ila kwanza kuna kosa moja linawakosesha watu maksi kila mwaka. Daikromati ya potasiamu, chumvi yenye kromiamu ndani, ni ya machungwa, ukiitia alkali inageuka njano inakuwa kromati, ukirudisha asidi machungwa hiyo inarudi, na mtu anaandika redoksi, yaani mmenyuko wa kuhamisha elektroni! Hapana jamani, kromiamu pale ni +6 (hesabu ya elektroni ilizopoteza) mwanzo mpaka mwisho, hakuna elektroni hata moja iliyohama. Hata mi shule nilifundishwa kwamba rangi ikibadilika tu ni redoksi na nikaamini miaka miwili mizima.

Redoksi yenyewe ni pale unapotia ethanoli kwenye daikromati yenye asidi ya salfa, unapasha moto taratibu, machungwa inaanza kuchafuka inakuwa kama kahawia hivi hafu kijani inashika, na kromiamu imeshuka toka +6 mpaka +3. Kipimo cha ulevi alichobuni Robert Borkenstein kule Marekani mwaka 1954 kilitumia hiyohiyo, pumzi ya mlevi inapita kwenye daikromati, rangi inafifia, mashine inapima imefifia kiasi gani.

Sasa bluu. Unachukua daikromati kidogo sana na asidi ya haidrokloriki kwenye testi tyubu, unatia vipande vya zinki, unaziba mdomo kwa pamba bila kukaza ili haidrojeni itoke na hewa isiingie kirahisi. Mapovu yanachemka pale kwenye zinki, machungwa inapotea, kijani inakuja, na hapo ndo wengi wanaosha vyombo wanaondoka. Subiri! Hesabu yake iko wazi, daikromati moja ina kromiamu mbili na inataka elektroni 6 kufika kijani, kila zinki inatoa mbili, yaani zinki 3, ukiongeza zinki ya nne kromiamu zote mbili zinashuka tena mpaka +2, na ile kijani nzito inaanza kupauka, inakuwa bluu kama anga la asubuhi baada ya mvua. Mi mara ya kwanza kuiona nilisahau kabisa kuandika kwenye daftari.

Na tafadhali, hii ifanyike maabara, na glavu, kromiamu ya +6 inasababisha kansa, na mabaki yanaenda kwenye chupa yake, sio kwenye sinki.

Mdogo wangu akauliza mbona kwenye kabati la maabara yao hakuna chupa ya hiyo bluu. Kwa sababu oksijeni ya hewani tu inatosha kuipokonya elektroni. Ukiimimina kwenye tyubu iliyo wazi ukaiacha imetulia, kijani inaanzia juu, pale inapogusana na hewa, inashuka chini polepole.