Tulivyolipima wazo la chama cha wastaafu barazani Ngamiani

Wazo la kuanzisha chama cha siasa cha wastaafu lililetwa na mwenzetu mmoja, kuli mstaafu wa bandari ya Tanga, aliyerudi kutoka kwenye uhakiki wa pensheni amefura. Mashine ilikuwa imekataa vidole vyake. Miaka mingi ya kubeba marobota ya mkonge imezila ncha zote, hazina hata mchirizi. Kijana wa mezani akamwambia arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa vilevile. "Hawa hawatusikii mpaka tuwe na chama chetu," akasema. "Si cha kuzikana. Cha siasa, chenye bendera."

Mambo mengi ya barazani huisha kabla kahawa haijapoa. Hili lilikataa kuisha, na kazi ya kulichunguza nikatwishwa mimi, kwa kuwa nilifundisha Uraia mpaka siku ya kustaafu na hapa mtaani bado naitwa Mwalimu. Naeleza tulivyoliendesha, kwa sababu najua si sisi peke yetu tunaolifikiria.

Kabla ya yote niliomba amri moja: jina la chama chochote kilichopo lisitajwe. Tanga mjini siasa imeacha makovu, na Ngamiani kuna watu waliowahi kususiana hata misiba kwa ajili ya rangi ya bendera. Atakayetaja, atawalipia wote kahawa. Muuza kahawa alipata faida nzuri jioni ya kwanza, kisha ndimi zikazoea.

Nikaanza na sheria, maana ndiyo inayopunguza ubishi. Sheria ya Vyama vya Siasa, Sura ya 258, inakataza chama cha kutetea dini, kabila, rangi au sehemu moja tu ya nchi. Umri haumo. Kwa hiyo wazee wanaruhusiwa. Unapata kwanza usajili wa muda, halafu una siku 180 za kutimiza masharti ya usajili kamili. Sharti zito ni wanachama: wasiopungua 200 wenye sifa za kupiga kura kutoka kila mkoa, katika mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba.

Nilidhani hapo watakata tamaa. Wapi! Mzee wa reli, aliyefanya kazi tangu enzi za Jumuiya ile iliyovunjika mwaka 1977, akasema, "Mwalimu, leta daftari." Tukagawa ukurasa mmoja kwa kila mkoa. Yeye akajaza Kilimanjaro, Dodoma, Tabora na Kigoma kwa kufuata stesheni, kama anayekata tiketi. Mzee wa bandari akachukua Dar es Salaam na Mtwara. Pemba ilimwendea mvuvi wetu wa Deep Sea, hapahapa Tanga, ambaye ana shemeji Wete na wajomba Mkoani, na ukurasa wake ukajaa kuliko yote ukiondoa wa Tanga. Kwingineko hali ilikuwa mbaya. Ukurasa wa Tabora ulikuwa na majina matano, na tulipoyasoma kwa sauti tukakumbushana kwamba matatu ni marehemu. Hilo lilinifundisha kuliko sheria yenyewe. Chama cha vijana kikishindwa uchaguzi huu kinasubiri ujao. Chetu kila mwaka kingekuwa kinasoma hitima za wanachama wake.

Baada ya hapo nikawaletea habari za nje, kwa sababu vyama vya namna hii vimekwishajaribiwa. Mfano uliowakamata ni wa Israeli. Mwaka 2006 chama cha wastaafu kiitwacho Gil kilipata viti 7 katika Bunge lenye viti 120, na kiongozi wake alikuwa Rafi Eitan, jasusi mstaafu aliyeongoza kikosi kilichomkamata Adolf Eichmann, Mnazi aliyesimamia kupelekwa kwa Wayahudi kuuawa, kule Argentina mwaka 1960. Barazani kila mtu akasogea mbele. Nusu saa nzima iliishia kwenye kutekwa kwa Eichmann, pensheni ikasahaulika. "Na huyo jasusi alipogombea alikuwa na miaka mingapi?" akauliza mzee wa bandari. Sabini na tisa, nikamjibu. Akanyoosha mgongo.

Ila sehemu kubwa ya kura zile zilitoka kwa vijana wa mjini waliochoshwa na vyama vikubwa. Eitan akapewa uwaziri wa mambo ya wastaafu, vijana wakapata jingine la kuwapendeza, na uchaguzi wa 2009 chama hakikupata hata kiti kimoja. Uholanzi ni hivyohivyo. Mwaka 1994, baada ya chama kikubwa kuzungumzia kuisimamisha pensheni ya uzeeni isipande, vyama viwili vya wazee vilipata viti 7 kwa pamoja. Kisha viongozi wakagombana wao kwa wao, na 1998 vikafutika bungeni. Uskoti mzee mmoja, John Swinburne, mkurugenzi wa klabu ya mpira ya Motherwell, aliingia bungeni mwaka 2003 kwa chama cha wazee, akatoka 2007. (Kusikia hivyo, mashabiki wa Coastal Union wakaanza kupendekeza majina. Nikawakatiza.)

Kilichodumu ni cha Luxembourg. Kilianza mwaka 1987 kama kamati yenye hesabu ndani ya jina lake: 5/6. Watumishi wa serikali walikuwa wakipata pensheni ya sehemu tano kwa sita za mshahara wa mwisho, na wa sekta binafsi pungufu sana. Kamati ikataka wote wapate sawa. Mwaka 1989 ikapata viti 4 kati ya 60. Lakini kilidumu kwa kujipanua na kuingia kwenye mambo mengine, na baadaye habari ya pensheni ikaondoka hata kwenye jina. Kwa maneno mengine, kiliishi kwa kuacha kuwa chama cha wastaafu.

Tena kote huko viti hugawanywa kwa kadiri ya kura. Sisi tuna majimbo, na mwenye kura nyingi anachukua jimbo zima. Wastaafu tumetawanyika, wachache Makorora, wachache Chumbageni, wachache Pongwe. Hakuna jimbo la wazee. Wala huwezi kusimama peke yako bila chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki mwaka 2013, na sheria ikabaki ilivyo.

Uko mlango mmoja mdogo, na niliutaja kwa kutimiza wajibu tu. Chama kikipata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima, kinapata mgao wa viti maalumu, na viti hivyo ni vya wanawake. Nesi mstaafu, ambaye baraza tunalokalia ni la nyumba yake, alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni huku anachambua mchele. "Kwa hiyo," akasema bila kuinua macho, "mbunge wenu wa kwanza ni mimi." Wanaume wote wakanyamaza kwa muda, halafu kicheko. Tangu siku hiyo anatolewa kiti, na mimi nilianza kuona mjadala umekaa sawa.

Aliyelikata shauri ni mvuvi. Alikuwa amesaidia ukurasa wa Pemba kwa moyo wote, lakini akauliza: "Nitaingiaje chama cha wastaafu? Mimi sijastaafu. Bahari haistaafishi mtu." Tukatazamana. Kati yetu yuko anayelipwa na PSSSF, ile mifuko ya watumishi wa umma iliyounganishwa mwaka 2018. Yuko wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi. Yuko wa Hazina. Na yuko yeye, asiyelipwa na yeyote. Shemeji yake wa Wete, mvuvi kama yeye, anapokea pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefika miaka 70, awe aliajiriwa au la. Bahari ileile, samaki walewale, wa Wete analipwa na wa Deep Sea halipwi.

Hapo ndipo niliposema langu. Kikokotoo kinachopigiwa kelele, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu, ni vita vya wanaoelekea kustaafu. Wafanyakazi walipopiga kelele, Desemba 2018 Rais Magufuli akarudisha kanuni ya zamani. Julai 2022 kikaja kipya cha kumlipa mstaafu asilimia 33 ya mafao kwa mkupuo, kelele zikaendelea, na katika bajeti ya 2024 wale waliokuwa wameshushwa kutoka asilimia 50 wakapandishwa hadi 40. Hakuna chama cha wastaafu kilichoifanya kazi hiyo. Ilifanywa na watu walioko kazini, ambao wakigoma nchi inasikia. Sisi tukigoma tutagomea nini, bao? Nguvu yetu ni kura na muda wa kukaa mstari wa mbele kwenye kila mkutano wa kampeni, na hiyo haihitaji bendera.

Mzee wa bandari hakupendezwa, na sikumlazimisha. Tukakubaliana tuandike karatasi moja, upande mmoja, kwa jina la wazee wa mtaa, tuwape wagombea wote wa udiwani wa kata yetu bila kubagua. Tukadai mambo matatu: asiyesomeka vidole ahakikiwe kwa njia nyingine siku hiyohiyo, mgonjwa wa kitandani afuatwe nyumbani, na diwani aseme hadharani kama ataupigia debe mpango wa pensheni kwa kila mzee, kama wa Zanzibar. Kila moja lilikuwa na mstari wa jibu na mahali pa saini. Mstari huo wa saini ndio uliowatoa jasho. Wengi waliahidi kwa mdomo kisha kalamu ikawapotea. Mmoja alitia saini, akaenda kuisoma jukwaani kana kwamba ameitunga mwenyewe. Mzee wa bandari alitaka kusimama apige kelele za wizi. Bi Nesi akamvuta kanzu. "Mwache asome. Asome kwa sauti zaidi."

Aliyeshinda si huyo. Mshindi tumempelekea nakala nyingine, safari hii ina dai la nne, dirisha la dawa za wazee, ambalo Bi Nesi ameliongeza kwa kalamu nyekundu na kulipigia mistari miwili. Jibu bado. Daftari la mikoa analo mzee wa bandari, amekataa kulirudisha, na juzi alinipigia simu kunijulisha kwamba ukurasa wa Mtwara umefika majina kumi na moja, wote hai.