Wimbo wa mzee ndani ya faili

Leo nimepanga upya folda ya nyimbo ninazoziandika nota kwa ajili ya wazee wetu wa taarab hapa Mji wa Kale. Kazi yenyewe haina mbwembwe: nafungua faili moja moja, nasikiliza, nabadilisha jina, nahifadhi. Ila mchana kutwa nimekuwa nawaza jambo moja. Nikishaingiza wimbo kwenye kompyuta, ni nani atakayeufungua baada yangu, na kwa programu gani?

Swali hili limenikaa tangu habari za Finale, programu ya kuandikia nota. Programu ile ilianza mwaka 1988, ikawa tegemeo la wachapishaji na walimu wengi wa muziki, hasa Marekani. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ikatangaza kwamba haitaiendeleza tena. Aliyekuwa nayo kwenye mashine yake hakunyang'anywa, lakini kompyuta huchakaa, na mfumo mpya ukija programu ya zamani hugoma. Nikamfikiria mtunzi mwenye kazi ya umri mzima ndani ya faili zilizotengenezwa kwa programu moja tu. Akiambiwa ahame, ahamie wapi na mzigo ule?

Mimi natumia MuseScore, programu nyingine ya nota, ambayo ni ya bure. Hata hiyo nayo ina mambo yake. Toleo la 4 lilitoka Desemba 2022, na faili uliyoihifadhi humo usitegemee ifunguke sawasawa kwenye toleo la 3. Wenzangu wa kwaya kule Kisauni kompyuta zao ni za zamani, wamebaki na la 3. Kwa hiyo kila wimbo una faili tatu: mscz, yaani ya MuseScore yenyewe, ninayofanyia kazi, MusicXML ya kuhamishia kwenye programu nyingine, na PDF ya kuchapisha au kusomea kwenye simu. PDF hufunguka popote, lakini ukitaka kushusha wimbo ili mwimbaji aufikie, itakubidi uandike upya nota zote.

Wapo wanaoniambia MIDI, yaani faili ya amri za sauti zipi zipigwe, yatosha. Kwa nyimbo zetu mimi nakataa. MIDI huhesabu sauti kwa namba nzima kuanzia 0 hadi 127. C ya katikati ni 60, na 63 ni D iliyopandishwa na pia ni E iliyoshushwa. Ukiifungua tena, programu inabahatisha tu uliandika ipi. Sasa chukua maqamu, ule mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, ya Rast inayoanzia C. Sauti yake ya tatu si E wala si E iliyoshushwa, iko katikati, na hapo katikati ndipo utamu wa udi ulipo. Kwenye MIDI nafasi hiyo haina namba yake, labda uipinde sauti kwa amri ya pembeni.

Jioni nimefungua faili ya MusicXML kwa programu ya kawaida ya maandishi, nione kwa macho yangu. Unasoma vizuri tu: jina la sauti, E, kisha badiliko, -0.5, kisha oktava, 4. Hiyo nusu yenye alama ya kutoa ndiyo robo toni, ile sauti ya katikati anayoiimba mzee wetu, imeandikwa kwa herufi na tarakimu ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma hata programu zote zikizimika. Nimefurahi sana. Michael Good alianza kuubuni mfumo huu mwaka 2000, toleo la 1.0 likatoka 2004, na tangu 2015 unasimamiwa na kikundi kilicho wazi chini ya W3C, shirika la viwango vya wavuti. Programu nyingine za nota nazo, Sibelius inausoma, Dorico inausoma. Mpangilio wa ukurasa huweza kuvurugika ukihama, maneno yakasogea, mistari ikabanana, lakini hilo hurekebishika. Sauti iliyopotea hairudi.

Majina ya faili nimeyabadilisha yote. Watu wa hapa huujua wimbo kwa kibwagizo chake, basi jina laanza na maneno mawili ya kibwagizo, kisha maqamu, kisha tarehe kwa kutanguliza mwaka, mwezi, siku, ili zijipange zenyewe. Neno "mpya" nimelipiga marufuku, na "mwisho" pia, kwa sababu hakuna wimbo wa taarab ulio na mwisho. Mpiga tashkota akija Ijumaa na pambo jingine, twaanza tena.

Stima nayo haina adabu msimu huu. Nimeiweka programu ijihifadhie yenyewe kila dakika 2, lakini hiyo ni nakala ya kuokolea tu, kusevu bado ni juu yangu. Nakala moja iko kwenye flashi kabatini, nyingine kwa dadangu Likoni, ng'ambo ya feri. Hewa ya chumvi hapa pwani haibagui chuma.

Nilipomwonyesha mzee mwimbaji wa nyimbo hizi, akakodolea macho ile mistari mitano, akaniuliza, "Mwanangu, na ile pumzi yangu kabla ya ubeti umeitia wapi?"

"Ami, ile haiandikiki."

"Basi irekodi."

Na ni kweli. Jinsi anavyoivuta sauti ya tatu, akaichelewesha mpaka ngoma ya dumbak imtangulie, hakuna alama niijuayo inayoweza kuibeba. Kwa hiyo folda ya kila wimbo sasa ina kitu cha nne: sauti yake mwenyewe, nimeirekodi kwa simu, imehifadhiwa kwa WAV bila kubanwa, na jina lile lile la faili ya nota. Nyimbo tatu bado hazina rekodi. Kesho baada ya Alasiri nitapita kwake.