Mama na ngazi za ghorofa

Mama alipohamia kwangu Dar kutoka Rombo, baada ya msiba wa Baba, nilimwambia, "Mama, umehangaika vya kutosha, sasa pumzika." Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Kule kihambani, na miaka yake 74, alikuwa akiwakatia ng'ombe majani kila asubuhi. Kwangu, ghorofa ya pili Ilala, dada alipika, akafua, akamletea chai pale alipoketi.

Miezi minane haikupita, akawa hawezi kuinuka kwenye kochi bila kushikwa mkono. Siku moja nilimkuta chooni amekaa kimya, kanga ameikusanya magotini, anasubiri mtu apite. Usiku ule sikupata usingizi.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimkalisha kwenye kiti, akamwambia afumbate mikono kifuani kisha asimame. Alijaribu mara tatu, akashindwa. Magoti hayakuwa na tatizo kubwa; misuli ya mapaja ndiyo iliyosinyaa kwa kukaa. Tukaelezwa kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wautumikishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki, na siku 3 au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, wasije wakaanguka.

Mazoezi aliyakataa. "Nirukeruke hapa kama mtoto, ili iweje?" Nikamuuliza, na bustani je? Uso ukabadilika.

Nilijaza udongo kwenye ndoo kuukuu na viroba, tukapanda mchicha na mnafu. Niliviweka chini kabisa, nyuma ya jengo, kwa makusudi. Kumwagilia kukawa ni kushuka ngazi 32 na kuzipanda tena, yeye ameshika chuma, mimi nyuma yake. Mwanzoni alipumzika kila baada ya ngazi tano. Chai akawa anaifuata mwenyewe jikoni, na kabla ya kuinywa anasimama na kukaa mara 5, baadaye 10. Jirani mmoja alinilaumu kwamba namtesa mzee. Iliniuma, lakini sikuacha.

Juzi nimerudi kazini jioni, nikamkuta ameketi kwenye kigoda anang'oa magugu. Nikanyoosha mkono nimwinue. Akaweka kiganja gotini, akasimama, akanikabidhi fungu la mnafu nilibebe.