Sare Niliyoipata Jumamosi

Jumamosi nilicheza raundi ya kwanza ya mashindano ya wazi ya sataranji hapa Nairobi nikiwa na kiwango cha Elo (namba inayopima nguvu ya mchezaji) 1540, na mpinzani wangu, mzee mmoja mtulivu, alikuwa na 1940. Pengo kama hilo ni la kawaida katika raundi ya kwanza, kwa sababu mfumo wa Uswisi huwapanga washiriki kwa viwango, kisha huwakutanisha wa nusu ya juu na wa nusu ya chini. Kwa hesabu za Elo, tofauti ya pointi 400 humpa mwenye nguvu matarajio ya kupata takriban 0.92 katika kila mchezo, ambapo ushindi ni 1 na sare ni nusu, nami niliketi mezani nikiwa nimekwisha kuikubali hesabu hiyo.

Nilishika kete nyeusi. Katika hatua ya 31 aliacha askari wake wa mraba wa b2 bila ulinzi, na ngome yangu ingeweza kumla. Nilitafuta mtego kwa dakika kumi na tano, nisiuone, lakini bado nikairudisha ngome nyuma, kwa kuwa niliamini kwamba mtu wa kiwango chake haachi kitu bure. Hilo ndilo linaloniuma hadi usiku huu ninapoandika: macho yangu yalikuwa kwenye ile namba iliyo kando ya jina lake, si kwenye ubao.

Baadaye alinibana polepole, hadi akabaki na askofu wa miraba myeupe na askari wawili, wa safu ya g na wa safu ya h, nami nikabaki na farasi peke yake. Hapo nikakumbuka jambo nililojifunza kitambo: mraba wa h8, ambako askari wa h angegeuka malkia, ni mweusi, na askofu yule asingeweza kuugusa kamwe, hivyo asingeweza kumfukuza mfalme wangu akiwa pale. Nikamtoa farasi ili nimwondoe askari wa g, kisha nikamkimbiza mfalme wangu hadi kwenye ile kona. Alijaribu kumng'oa kwa hatua nyingine kumi na tatu, mfalme akienda g8 na kurudi h8, mkono wangu ukitetemeka kila nilipobonyeza saa, hadi mzee akaninyooshea mkono, tukaandika nusu kwa nusu na kutia sahihi.

Nilifurahi kwa dhati. Ila mzee aliniomba tukae kando tuupitie mchezo. Alizipanga kete bila kutazama karatasi mpaka hatua ya 31, akaishika ngome yangu na kuiweka b2.

"Mwanangu, hapa nilikuwa nimekosea," akasema. "Nilikungoja ule."

Tukaendelea kutoka pale mara mbili, na mara zote nyeusi ilishinda.