Jinsi Nilivyochagua Pampu Ndogo ya Rotari kwa Mashine Yangu ya Espreso

Mashine yangu ya nyumbani ina kichwa cha kutolea kahawa cha aina ya E61, na ilikuja na pampu ya mtetemo, ile ndogo ya Ulka ya wati 48 ambayo utaikuta kwenye mashine nyingi za nyumbani. Si pampu mbaya. Inabadilishwa upesi, bei yake ni nafuu, na presha yake inatosha kutoa kahawa nzuri. Shida ni kelele. Ndani yake kuna pistoni inayovutwa na sumaku na kurudishwa na springi mara 50 kwa sekunde, kufuata umeme wetu wa hezi 50, na kwenye fleti za Dar es Salaam zenye kuta nyembamba mngurumo huo wa saa kumi na moja alfajiri unaamsha watoto na jirani pia. Tena presha yake haitulii: ukisaga kahawa chenga kidogo maji yanapita kwa wingi na sindano ya geji inashuka, ukisaga laini inapanda.

Ndiyo maana nikaanza kuisaka ya rotari. Hii ndiyo iliyozoeleka mikahawani. Kampuni ya Faema walipotoa mashine ya E61 huko Italia mwaka 1961, pampu ya umeme ilichukua kazi iliyokuwa ikifanywa na mkono wa mtoaji kahawa kwa wenzo na springi. Mota inazungusha rota iliyokaa kando kidogo ya kitovu cha chumba chake. Kwenye rota kuna vibapa vya kaboni vinavyoteleza ndani na nje, vinanasa maji upande mpana na kuyabana upande mwembamba. Maji yanayozidi yanarudishwa na valvu iliyomo humohumo kwenye kichwa cha pampu, yaani kile kipande chenye rota, na skrubu moja ya valvu hiyo ndiyo inayopanga presha. Kahawa ikipitisha maji mengi au machache, presha inabaki palepale.

Wanaoanza kutafuta huuliza pampu ina baa ngapi, yaani kipimo cha presha. Mimi nashauri uanze na lita. Watengenezaji wakubwa kama Procon na Fluid-o-Tech huvipanga vichwa vyao kwa uwezo wa kusukuma maji kwa saa, na ukikaa na kikokotoo utashangaa. Lita 100 kwa saa ni kama mililita 28 kwa sekunde. Espreso yangu ni gramu 36 kwa sekunde 28 hivi, yaani mililita moja na kitu kwa sekunde. Kwa hiyo karibu maji yote yanayosukumwa na kichwa cha lita 100 yanazunguka bure kwenye valvu. Hata kile cha lita 50 kinatoa mara kumi ya ninachohitaji, na boila inajaa bila kuchelewa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonisaidia kwenye udogo. Vichwa vya aina moja kwa nje havipishani sana kwa ukubwa. Nafasi inaliwa na mota. Kusukuma lita 100 kwa saa kwa baa 9 kunahitaji nguvu ya wati 25 tu kwenye maji yenyewe, na lita 50 ni nusu yake. Ongeza msuguano, upotevu wa mota na nguvu ya kuanzia, bado mota fupi ya wati 100 hivi inatosha kwa kichwa kidogo. Zile nzito zinazofungwa mikahawani zimepimwa kwa kazi ya kutwa, na mimi natoa vikombe vichache asubuhi.

Halafu kuna mota zenyewe. Zipo za volti 24 za DC, ndogo sana, unaweza kupunguza mwendo wake upendavyo, na nilizitamani kweli. Nikaenda eneo la Gerezani hapa Dar kwa fundi anayesuka mota, nikamwonyesha picha za mota ya DC na ya AC ya kawaida. Ile ya DC aliitazama, akarudisha simu.

“Hii ikiungua bodi yake, kaka, utaagiza nje. Hii nyingine niletee hata usiku.”

“Na kapasita ya kuisaidia mota kuanza je, mzee?”

“Kapasita zimejaa hapo ng’ambo ya barabara.”

Nikachukua ya AC. Kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, kitu kinachotengenezeka mtaani kina thamani kuliko sentimita chache za nafasi. Fundi huyohuyo alinifungulia kichwa kikuukuu cha pampu ya mashine ya mkahawa. Vibapa vyeusi kama ncha ya penseli, kingo zimemeguka, na ukuta wa chumba umechorwa mistari iliyozunguka pande zote. Mchanga, akasema. Nilipitisha kidole, mikwaruzo ikakamata ukucha.

Hapo ndipo uamuzi wa maji ulipotoka. Wengi hununua rotari ili waunganishe mashine na bomba moja kwa moja. Kwetu maji yanatoka kisimani, yana chumvi, yanapandishwa kwenye simtanki, na siku nyingine hayapo kabisa. Pampu ya rotari ikizunguka bila maji inakufa haraka, kwa sababu maji ndiyo mafuta yake na ndiyo yanayoipoza. Nikaliacha tangi la mashine lilivyo, pamoja na kihisi chake kinachozima kila kitu maji yakipungua, nikajaza maji ya kunywa, na kuweka kichujio cha wavu kabla ya pampu.

Pampu yenyewe niliifunga kwenye kabati chini ya mashine, juu ya vipande vya mpira, mbali na mtungi wa gesi. Chini ni kuzuri kwa sababu maji yanashuka yenyewe kuifuata. Mpira mwembamba wa kuvutia maji wa pampu ya zamani niliutupa, nikaweka wenye upana wa ndani wa milimita 10, mfupi kadiri ilivyowezekana. Pampu hii ikivuta maji kwa shida, viputo vinajitengeneza na kupasuka ndani yake, unasikia kama inatafuna kokoto, na inajila taratibu. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza nilijaza mpira na kichwa maji.

Wakati wa kununua soma kibandiko neno kwa neno. Mota ya Marekani ya volti 115 na hezi 60 hata ukiipa transfoma, kwa hezi 50 itashuka kutoka mizunguko 1,725 hadi kama 1,440 kwa dakika. Uzi wa matundu ya maji uwe G 3/8, si NPT ya Kimarekani, maana nati za bomba zinazouzwa kwetu hazikamatani vizuri na NPT. Angalia mshale wa upande wa kuzunguka ulingane na mota. Angalia pia kama kichwa kinashikwa na pete ya kubana au kwa bolti, la sivyo utapata vitu viwili vizuri visivyooana.

Umeme niliupitisha kwenye rilei ya peke yake, yaani swichi inayowashwa na umeme, kwani bodi ya mashine ilipimwa kwa wati 48 za pampu ya mtetemo, na waya wa ardhi ukafungwa kwenye mwili wa mota. Kwenye mpira wa kupandisha maji niliweka valvu ya kuzuia maji yasirudi. Valvu ya zamani ya presha ndani ya mashine sikuiondoa: maji yaliyonaswa kwenye bomba la kubadilishia joto, lile linalopita ndani ya boila, yanatanuka yakipashwa, lazima yapate pa kutokea, hivyo niliipandisha hadi kama baa 12 ili isigombane na pampu. Baada ya hapo nikafunga kikapu cha kahawa kisicho na matundu ili maji yasipite, nikaanza chini na kukaza skrubu ya pampu robo mzunguko kila mara hadi geji ikafika 9. Presha ikishajaa, sindano inakaa hapo hadi kikombe kinafika gramu 36, iwe kahawa ya Mbinga au ya Kilimanjaro, nimesaga chenga au laini.