Kiti cha Willie: Nyimbo za Familia Katika Vita vya Marekani

Wapo wanaozibeza nyimbo za majonzi zilizovuma Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyojitenga, tangu 1861 hadi 1865, wakisema kwamba zilitungwa ili kuwaliza watu na kuwatajirisha wachapishaji wa nota. Biashara ilikuwepo, tena kubwa, kwa sababu wakati huo hapakuwa na santuri wala redio, na wimbo ulienea kwa karatasi zilizonunuliwa dukani na kupigwa kwa piano sebuleni, mbele ya watu wale wale ambao mwana wao alikuwa vitani. Hata hivyo mimi nazithamini nyimbo hizi, na mmoja wao naushikilia kuliko mingine yote: wimbo wa kiti kitupu, ambao kwa Kiingereza unaitwa The Vacant Chair.

Asili yake ni msiba wa kweli. Luteni John William Grout, ambaye wimbo unamwita Willie, kijana wa miaka 18 kutoka mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, alipigana huko Ball's Bluff, jimbo la Virginia, tarehe 21 Oktoba 1861, siku ambayo jeshi la Kaskazini lilisukumwa hadi ukingoni mwa mto Potomac na askari wengi wakafia majini. Naye aliuawa akijaribu kuuvuka mto huo kwa kuogelea, na mwili wake ulipatikana baada ya majuma kadhaa. Sikukuu ya Shukrani ilipofika mwezi wa Novemba, ambapo desturi ni ukoo mzima kukusanyika mezani, Henry Washburn aliandika shairi kuhusu nafasi ya kijana huyo, kisha George F. Root wa Chicago akalitilia muziki.

Kiitikio kinasema kwamba tutakutana lakini yeye tutamkosa, na kiti kimoja kitabaki kitupu wakati wa sala ya jioni. Kinachonigusa zaidi ni ubeti unaokiri kwamba, ndiyo, tunaambiwa kijana wetu amevikwa mashada ya utukufu, ila utukufu huo unatuliza uchungu tu. Kukiri hivyo katika mwaka wa kwanza wa vita, wakati magazeti na mimbari zilikuwa zikihimiza vijana wajiandikishe, kulihitaji moyo. Zaidi ya hayo, wimbo haumtaji adui hata mara moja. Unasema juu ya bendera yetu na heshima ya nchi yetu, maneno ambayo mzazi wa Kusini angeweza kuyaimba bila kubadili herufi, na kweli uliimbwa pande zote mbili. Wimbo mwingine uliopendwa sana, Weeping, Sad and Lonely wa 1863, ulihitaji kurekebishwa kidogo tu: Kaskazini mpenzi aliagwa akiwa amevaa sare ya buluu, na Kusini sare ikawa ya kijivu.

Nyimbo za askari anayekata roho huku akimwita mama yake zilikuwa nyingi mno, na hizo hazinishawishi sana. Katika vita vile, karibu theluthi mbili ya waliokufa waliuawa na maradhi, hasa kuhara na homa ya matumbo, na maelfu walizikwa bila majina. Familia ilitamani kusikia kwamba mwana wao alikuwa na mtu wa kumshika mkono na kupokea wosia wake, basi watunzi wakaitungia kifo cha namna hiyo. Siwalaumu waliofarijika. Naona tu kwamba wimbo wa kiti ulitenda haki zaidi, kwa kuwa ulibaki nyumbani na kusimulia kile ambacho mama na baba walikiona kwa macho yao.

Lakini sebule zile hazikuwa za kila mtu. Watu wapatao milioni 4 walikuwa watumwa vita vilipoanza, na familia zao zilikuwa zimetenganishwa kwa mauzo tangu zamani. Darling Nelly Gray, wimbo wa Benjamin Hanby wa 1856, ulijaribu kuusema uchungu huo kupitia mtumwa wa Kentucky ambaye mpenzi wake ameuzwa Georgia, na uliwaliza Wazungu wengi wa Kaskazini. Vita vilipokwisha, walioachwa huru walianza kutoa matangazo magazetini, na kwa miongo kadhaa wakaendelea kutaja majina ya mama, ya ndugu na ya watoto, jina la bwana aliyewauza na mji walikoonana mara ya mwisho, wakiwaomba wachungaji wayasome matangazo hayo kanisani. Kila nilipoyasoma niliona kwamba yalikuwa na yote ambayo mtunzi kama Root angehitaji, tena kwa majina kamili.